Pongal ni nini? Wali ambao usipofoka bado haujapikwa

Wengi wetu tumekua tukijua maziwa yakifoka jikoni hiyo ni kesi. Umeambiwa kaa hapo angalia sufuria, umeinamia simu sekunde mbili tu, shwaaa, moto umezima, harufu ya kuungua nyumba nzima na mama anakuita majina yako yote matatu. Sasa Watamil wa kusini mwa India wana siku moja kwenye mwaka ambayo ukoo mzima unazunguka chungu kusubiri hicho hicho kitokee, na povu likishapanda likamwagika pembeni watu wanapiga kelele "Pongalo Pongal!" kama timu imefunga goli.

Na jina ndo linatoka hapo. Kwa Kitamil "pongu" ni kuchemka mpaka kumwagika, yani kufoka, kufurika. Pongal basi ni kule kufoka kwenyewe, halafu jina hilo hilo wakaupa wali unaopikwa siku hiyo, na sikukuu yenyewe nayo wakaiita hivo hivo. Kwaiyo usishangae mtu akisema amekula Pongal siku ya Pongal, hajakosea.

Sikukuu inaangukia tarehe 14 au 15 Januari, siku ya kwanza ya mwezi wao unaoitwa Thai (haihusiani na Thailand, niliwahi kuuliza nikachekwa). Mpunga umeshavunwa, jua kwa hesabu ya kalenda yao limeanza safari ya kurudi kaskazini, na wali wa kwanza wa mchele mpya unapikwa nje uani, juani, kwa ajili ya kulishukuru jua. Zinakuwa siku nne kwa jumla. Siku ya kutangulia inaitwa Bhogi, watu wanachoma makorokoro ya zamani, siku ya tatu ni ya ng'ombe, wanaogeshwa na kupakwa rangi pembe, ya nne ni ya kutembeleana. Ila ya pili ndo yenye chungu. Wana na msemo wao, Thai ukizaliwa na njia inazaliwa, ndo maana mambo ya harusi na mipango mikubwa mingi inasubiri mwezi huo. Siku hizi hata serikali ya jimbo la Tamil Nadu inaingia kati, mwaka 2023 kwa mfano wenye kadi za chakula cha ruzuku waligawiwa kilo ya mchele, kilo ya sukari, mua mzima na rupia 1,000.

Turudi kwenye chungu. Kiwe kipya, shingoni kinafungwa mmea wa manjano mbichi na majani yake, pembeni mua umesimamishwa, chini kuna michoro ya unga wa mchele. Maziwa na maji yanatangulia, yanachemka, na wazee wanaangalia yanamwagikia upande gani maana mashariki ndo inahesabika kheri zaidi. Yakishafoka ndo mchele unatupiwa ndani.

Kwanini maziwa yanafoka na maji hayafoki? Maji yakichemka mapovu yanapasuka juu na mvuke unaondoka zake. Maziwa yana protini na mafuta vinavyotengeneza utando juu, mvuke unabanwa chini yake, povu linainuka kwa mkupuo, ukija kushtuka limeshafika ukingoni. Wanga wa mchele nao unafanya hivo hivo, ndo maana wali ukifunikwa na moto mkali unatema.

Mi nilifundishwa na jirani yangu hapa Dar, mama wa Kitamil, tunamwita Akka, kwao ni dada mkubwa. Gorofani hakuna uani, kwaiyo anapika kwenye gesi, na ili lile la kufoka lisikosekane anachemsha maziwa kidogo kwanza kwenye kisufuria mpaka yamwagike, anashangilia, anafuta jiko, halafu anaendelea. Watu wa mjini wengi ndo wanafanya hivo, wali wenyewe unaenda kwenye sufuria ya presha.

Ile tamu inaitwa sakkarai pongal. Mchele kikombe 1, choroko za njano zilizokobolewa na kupasuliwa theluthi ya kikombe, unazikaanga kavu mpaka zinukie, zisiungue. Maji vikombe 4, maziwa 1, pika mpaka vyote vilainike kabisa uviponde na mwiko. Basmati achana nayo, inajitenga tenga, huu wali unatakiwa kushikana, mi natumia wa Mbeya na Akka hajalalamika.

Halafu sukari guru, kikombe 1 na nusu, na hapa nilikosea mara ya kwanza. Niliitia mapema nikiamini nawahisha, choroko zikagoma kulainika, nimepika weee gesi inaisha zinatafunika kama kokoto. Sukari ikishaingia, nafaka hailainiki tena vizuri, kwaiyo inasubiri mpaka mwisho. Na usiitumbukize bonge zima, iyeyushe pembeni na maji kidogo uichuje, utakuta mchanga na vijiti humo hutaamini.

Samli robo kikombe ndo kima cha chini, Akka anamimina bila kupima na akinikuta napima ananiangalia kwa huruma. Korosho na zabibu kavu zinakaangwa kwenye hiyo samli, zinamwagiwa juu, na iliki, na chembe ya kungumanga. Kwao wanatia na kafuri, chembe ndogo sana, lakini kuna kafuri maalum ya kula, zile za kuweka kabatini ni sumu, usijaribu.

Iko na nyeupe ya chumvi, ven pongal, mchele na choroko vile vile ila inaungwa kwa pilipili manga nzima, bizari nyembamba, tangawizi na korosho. Hii wanakula hata asubuhi ya kawaida na chatne ya nazi, na watakwambia wenyewe inaleta usingizi, ukiila saa mbili asubuhi usipange kikao.

Ile tamu ikipoa inaganda kama kashata, samli yote imekamata. Usirudishe motoni kavu kavu itashika chini, tia maziwa ya moto kidogo, koroga taratibu, na safari hii kaa hapo hapo uyaangalie.