Kuhamia Windows 11 ofisini: anza na kompyuta ya mhasibu, ya bosi ingoje

Mwangaluka wadau. Nilipotea kidogo humu maana kuanzia Septemba 2025 nilikuwa nimebanwa na kazi moja ya kuhamisha kompyuta 23 za kampuni kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kampuni siitaji jina, ila wananunua dagaa na sangara, ofisi kubwa ipo Kirumba hapa Mwanza karibu na mwaloni na kaofisi kengine kapo Sengerema. Naandika kwa sababu mafundi wenzangu watatu wameniuliza kitu kilekile kwenye simu, uanzie kompyuta ipi na zinazokataliwa uzifanyeje, na nimechoka kurekodi voisi.

Ilianza bosi kunipigia saa mbili usiku, kompyuta yake imemtolea ujumbe kwamba Windows 10 mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025, akadhani siku hiyo mashine zote zitazima. Nikamwambia hapana mzee, zitawaka kama kawaida, ila Microsoft wataacha kutoa viraka vya usalama, kwa hiyo tundu likigunduliwa baada ya hapo ni lako wewe na wezi. Akauliza sasa si unaweka tu flashi unaapdeti? Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanadhani kazi ni kuinstoo. Kuinstoo ni lisaa limoja na nusu unakunywa chai. Kazi ni kujua hizo kompyuta zinafanya nini kila siku, na hilo huwezi kuliona ukiwa umekaa kwenye kiti cha bosi.

Nilianza kwa kuhesabu. Windows 11 inataka ramu GB 4 kwenda juu (mimi chini ya 8 sikushauri kabisa), diski GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, baiosi (programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows) ya aina mpya ya UEFI, na prosesa iliyopo kwenye orodha yao. Kwa Intel shika hivi, kwa sehemu kubwa ni jenereshen ya 8 kwenda mbele. Soma namba baada ya ule mstari, i5-8250U inaanza na 8 basi imepita, i5-6500 inaanza na 6 basi imeanguka. Bosi alikasirika kweli hapa, maana yeye ana i7 ya jenereshen ya 4 aliyoinunua kwa hela nyingi enzi hizo, inakataliwa, halafu kale kalaptopu ka Celeron N4020 ka binti wa mapokezi, kazito kama mtumbwi uliojaa maji, kanakubaliwa. "Yaani hii yangu na hako, hako ndio kazima?" Nikamwambia mzee hawaangalii mbio, wanaangalia umri na ulinzi uliomo ndani ya chipu. Hakuridhika mpaka leo.

Hesabu ikatoka hivi: 9 zimepita moja kwa moja, 6 zinataka kurekebishwa, 8 hazifai.

Zile 6 usizitupe jamani, nimeona ofisi zinauza mashine nzima kwa bei ya dagaa kisa programu ya kupima imesema haifai. Mara nyingi TPM ipo ila imezimwa, unaingia baiosi unatafuta kitu kinaitwa PTT kama ni Intel au fTPM kama ni AMD, unawasha basi. Nyingine shida ni fundi wa kwanza aliinstoo kwa mtindo wa zamani wa Legacy, diski ipo kwenye MBR (mpangilio wa zamani wa diski), hapo kuna komandi ya mbr2gpt inabadilisha bila kufuta data ila kwanza iendeshe na validate uone inasemaje, na kama diski imegawanywa vipande zaidi ya vitatu itagoma. Ukishabadilisha ndio unarudi baiosi unaweka UEFI. Na bakapu kabla ya yote, sio baada.

Sasa hapo kwenye baiosi ndio nilipojimwagia maji mwenyewe. Laptopu ya mtu wa manunuzi, nikaingia nikabadilisha vitu vya Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), nikawasha, ikaja skrini ya bluu inadai ufunguo wa BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski. Tarakimu 48. Kumbe diski ilikuwa imefungwa toka siku imenunuliwa na hakuna aliyejua, ukiingia na akaunti ya Microsoft laptopu nyingi zinajifunga zenyewe kimyakimya na ufunguo unabaki kwenye akaunti hiyo. Akaunti ya nani? Ya jamaa aliyeacha kazi, yuko Geita anafanya biashara zake. Nikampigia, kelele za mashine nyuma yake, nikamwambia kaka samahani sana naomba ufungue imeili yako ya zamani. Paswedi hakumbuki. Tumesubiri namba ya uthibitisho ya SMS, imeenda kwenye laini aliyoipoteza, akabahatika alikuwa amerinyuu ile laini, basi ikafika. Akaanza kunisomea, makundi nane ya tarakimu sita sita, la tano kanirukia, mtandao unakatakata, "sita sita moja au sita moja moja?" Nusu saa. Baada ya hapo kila mashine kabla sijagusa baiosi naangalia kwanza BitLocker, kama ipo naisimamisha kwa muda na ufunguo naandika kwenye daftari linalokaa kwenye sefu ya kampuni.

Turudi kwenye hoja yangu. Mafundi wengi mashine ya majaribio wanachukua ya kwao wenyewe, au ya bosi ili aone kazi. Zote mbili hazikufundishi kitu maana bosi anafungua imeili na WhatsApp, na wewe fundi unajua kujitoa. Mimi nilienda kwa dada mhasibu, nikakaa naye siku nzima mwisho wa mwezi, sifanyi chochote, naangalia tu. Nikagundua printa ya Epson ya kupiga kelele, ile ya karatasi za kopi tatu, imechomekwa kwa waya mpana wa kizamani ambao mashine mpya hazina hata tundu lake. Nikagundua programu ya mahesabu ya biti 32, hiyo haina shida Windows 11 inaiendesha. Halafu akaniambia namba za kilo anazipata kutoka "kwa kijana wa mizani". Mizani gani tena? Kwenye orodha ya kompyuta niliyopewa mizani haikutajwa popote.

Nikashuka chini stoo. Kuna kompyuta imefunikwa na mfuko wa salfeti, vumbi la dagaa limeganda kwenye feni mpaka unanusa ukiwasha, skrini nyeusi maandishi meupe, imeunganishwa na mizani kwa tundu la COM. Programu ya biti 16. Ipo kwenye Windows 10 ya biti 32, ndio maana ilikuwa inakubali, kwa sababu Windows ya biti 32 bado ina kile kipande cha kuendesha programu za zamani. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Yaani ningefuata orodha ya ofisini, nikafika hiyo mashine siku ya mwisho nikaifuta, asubuhi yake malori yanapanga foleni na hakuna kilo hata moja inayosomeka. Nilijaribu kuiendesha kwa DOSBox (programu inayoigiza kompyuta za zamani) kwenye mashine nyingine, ilifunguka vizuri ila uzito ukawa unakuja namba zimevurugika. Aliyeiandika hapatikani. Kwa hiyo tukakubaliana ibaki ilivyo, intaneti imekatwa kabisa, flashi imezuiwa, kijana anaprinti karatasi anapandisha juu kwa miguu. Pembeni wanatafuta mizani mpya.

Leseni nizungumze haraka. Ukiwa na Windows 10 halali iliyoaktiveti, kupanda kwenda 11 ni bure. Ukiwa na ile ya kukraki umepanda na kraki yako, na hizo programu za kukraki nyingi zinataka uzime antivairasi kwanza, jiulize kwa nini. Nilikuta 5 za hivyo. Bosi amelipia, kwa kununa.

Kwa zile 8 zilizoanguka, njia zipo. Unaweza kulipia viraka vya ziada, kwa kampuni ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na inazidi mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu, piga hesabu hiyo ni dola 427 kwa kompyuta moja iliyochoka. Unaweza kulazimisha kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuinstoo) ukaruka masharti, nyumbani kwangu nimefanya, kwa kampuni sifanyi maana Microsoft hawaahidi kukuletea maboresho na lawama itakuja kwangu. Tulichofanya, 5 zimebadilishwa na mtumba (angalieni sana, madukani mjini hapa mtumba mwingi bado ni jenereshen ya 4 mpaka ya 6, soma ile namba kabla hujatoa hela), 2 za getini zinazofungua brauza tu nimeweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), na moja ndio hiyo ya mizani. Ya bosi imo kwenye zile 5, alikuwa wa mwisho kabisa.

Intaneti usimalize bando, pakua faili mara moja, ni zaidi ya GB 5, tumia kwenye zote. Umeme ndio ulinipa presha, deskitopu bila UPS siigusi, tulikuwa na UPS mbili zinazunguka kama sahani ya pilau. Na ukishapandisha una siku 10 tu za kurudi nyuma ukiona mambo hayaendi, ila kuna komandi ya DISM ya kuziongeza, mimi niliweka 30 ili mwisho wa mwezi mmoja mzima upite kwanza.

Sengerema nilienda Jumamosi moja tu, zamani ungeniambia niende Sengerema na kompyuta ningekuwa nawaza foleni ya kivuko, sasa daraja la Kigongo-Busisi lipo toka Juni 2025, unavuka hata wimbo mmoja haujaisha.

Malalamiko niliyopata? Moja kubwa, kutoka kwa mama wa keshia. Wala sio spidi wala programu. "Mwanangu, Start yangu imekimbilia katikati." Nikaingia settings za taskbar nikairudisha kushoto. Akanitengea sato wa kukaanga, mchana ule sikununua chakula.