Hadithi ya Kubuni si Uongo Mtupu

Kwa kuwa ngano zetu hufunguliwa kwa «hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea», wapo Unguja na Pemba wanaoamini kwamba riwaya au filamu haiwezi kutueleza sisi ni nani. Dhana hiyo si sahihi. Adam Shafi aliwabuni wahusika wa Kuli, riwaya iliyotoka mwaka 1979, lakini mgomo wa wachukuzi wa bandarini Unguja ulitokea kweli mwaka 1948. Tena, na hili ndilo linalonigusa zaidi, mwandishi akimvisha mhusika kanga na kutaja jina la kanga hiyo, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji, sehemu ya katikati ya kanga, msomaji wa kwetu hutambua papo hapo ni jirani gani anayejibiwa bila mdomo kufunguliwa.