Wakili wa nusu saa naye ana mgongano wa maslahi?

Jumanne asubuhi, kwenye dawati la msaada wa sheria ndani ya mahakama moja huko Marekani, mpangaji anatoa notisi ya kuhama iliyokunjwa mara nne. Wakili aliye mbele yake amekuja kujitolea kwa saa chache tu. Siku nyingine yuko ofisini kwake, na ofisi hiyo ina mawakili mia mbili.

Dhana: Kabla hajafungua mdomo, ni lazima apekue orodha nzima ya wateja wa ofisi yake, asije akamshauri mpangaji huku ofisi yake ikimtetea mwenye nyumba: huo ndio mgongano wa maslahi.

Kwa kesi za kawaida, ndiyo. Lakini foleni ya dawati haisubiri upekuzi huo, na ofisi kubwa zilikuwa na sababu ya kuogopa kutoa watu wao. Ndiyo maana mwaka 2002 Chama cha Mawakili cha Marekani kiliongeza Kanuni ya 6.5 katika kanuni zake za mfano za maadili ya mawakili, ambazo kila jimbo huzipitisha kwa namna yake. Kwa msaada wa muda mfupi, mgongano unamfunga wakili pale tu anapoujua.

Dhana: Basi afumbe macho, yuko salama.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kanuni hizo zinasema kujua kwa mtu kunaweza kubainika kutokana na mazingira. Jina la mwenye nyumba limeandikwa juu kabisa ya notisi. Kama wiki iliyopita wakili huyu alikaa kikao kimoja na kampuni hiyohiyo, hawezi kusema hakuliona. Akumbukapo tu, anyanyuke amwite mwenzake wa meza ya pili. Kwa maoni yangu kuuliza “anayekudai ni nani?” kabla ya kusikia lolote ni kazi ya sekunde tano, na asiyeuliza hana udhuru wa foleni.

Dhana: Ushauri wa nusu saa haukufanyi mteja.

Unakufanya. Hata ukisaidiwa kujaza fomu tu, wewe ni mteja, na inabidi uelezwe mapema msaada unaishia wapi, nawe ukubali.

Dhana: Ikigundulika baadaye kwamba ofisi inamtetea mwenye nyumba, itabidi imwache.

Hapana. Ushiriki wa wakili kwenye dawati hauifungi ofisi yake. Kinachobaki ni wajibu wa kutunza siri. Mpangaji akishasema kwamba kodi ya miezi miwili aliitumia kumzika mama yake, neno hilo halitoki pale mezani kwenda kwa wenzake wa ofisini, leo wala mwakani.

Dhana: Ushauri wowote wa bure una nafuu hii ya Kanuni ya 6.5.

Nafuu ni ya mipango inayoendeshwa na mahakama au mashirika yasiyo ya faida. Ofisi inayotangaza mashauriano ya bure ili ipate wateja (nalo si kosa) haimo.

Dhana: Ukianza na nafuu, unaendelea nayo.

Tuseme mpangaji anainuka kuondoka, wakili anamhurumia, anamwambia, “Kesi hii nitakusimamia mpaka hukumu.” Nafuu imeishia hapo. Kabla ya kuweka sahihi, arudi ofisini, afungue ile orodha aliyoikwepa asubuhi, atafute jina la mwenye nyumba.