Je, wajua kwa nini Mmaori alipata kura miaka 12 kabla ya Mzungu asiye na mali?

Chukua wanaume wawili wa New Zealand mwaka 1868. Wa kwanza ni Mmaori, mwenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa kijiji cha pwani, ameshapita miaka 21, na hana hata kipande kimoja cha ardhi chenye hati ya jina lake. Wa pili ni kibarua Mwingereza anayelala bandani kwa tajiri wake, naye pia hana kitu. Siku ya uchaguzi wa wabunge, Mmaori anapiga kura. Kibarua wa Kizungu anabaki kutazama.

Hilo lilitokea ndani ya koloni la Waingereza, katika karne ambayo wenyeji wa makoloni mengi hawakuulizwa chochote. Ukilisikia juu juu utasema walowezi wa New Zealand walikuwa na roho nzuri kuliko wenzao. Mimi pia nilifikiri hivyo mwanzoni. Lakini ukifuatilia sheria yenyewe, na hasa ukihesabu viti, picha inabadilika kabisa.

Tuanze na Bunge. Uingereza ilipitisha katiba ya koloni hilo mwaka 1852, na Bunge likakutana mara ya kwanza Auckland tarehe 24 Mei 1854. Lilikuwa na vyumba viwili. Baraza la juu liliteuliwa na Gavana. Baraza la Wawakilishi, lenye wabunge 37 mwanzoni, lilichaguliwa kwa kura. Ili uwe mpiga kura ilibidi uwe mwanamume, uwe umetimiza miaka 21, na uwe na mali: ardhi yako yenye thamani ya pauni 50, au shamba ulilokodi kwa pauni 10 kwa mwaka, au nyumba ya kupanga yenye kodi ya kiwango fulani. Mwenye mali katika majimbo matatu alikuwa na haki ya kupiga kura katika yote matatu, na jambo hilo halikufutwa hadi 1889.

Katiba ile haikuandika popote kwamba Mmaori haruhusiwi. Kwa maandishi, rangi haikuwa kigezo, kigezo kilikuwa mali. Na hapo ndipo mlango ulipofungwa, kwa sababu Wamaori walikuwa na ardhi nyingi kuliko mlowezi yeyote, ila ilikuwa ardhi ya ukoo.

Msomaji aliyekulia mahali ambapo shamba ni la ukoo haelezwi mara mbili. Babu alilima hapa, shangazi ana haki ya kuchuma pale, kisima ni cha wote, na hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema "hii ni yangu, naiuza". Sheria ya Waingereza haikuwa na macho ya kuona umiliki wa namna hiyo. Mwaka 1859 wanasheria wa serikali kule London walitoa maoni rasmi: ardhi inayomilikiwa kwa pamoja kwa desturi ya Kimaori haimpi mtu haki ya kupiga kura. Katika uchaguzi wa kwanza wa 1853, kati ya watu zaidi ya 5,800 walioandikishwa, Wamaori walikuwa kama 100 tu. Nao walikuwa bado sehemu kubwa ya watu wa nchi, wakilipa ushuru wa forodha kwenye bidhaa kama kila mtu.

Kumbuka pia kwamba Februari 1840 machifu wa Kimaori walikuwa wametia saini Mkataba wa Waitangi na Malkia wa Uingereza, mkataba uliowaahidi haki zilezile za raia wa Kiingereza. Wengine waliona mapema kwamba Bunge la Wazungu halitawafikia, wakajipanga wenyewe. Mwaka 1858 koo kadhaa za Kisiwa cha Kaskazini zilimsimika mfalme wao, Potatau Te Wherowhero, ili kuzuia ardhi isiuzwe. Miaka miwili baadaye vita kati ya serikali na Wamaori vikaanza Taranaki, na 1863 majeshi ya serikali yakaingia Waikato, eneo la mfalme huyo. Baada ya vita serikali ikanyang'anya ardhi ipatayo ekari milioni 3.

Ndani ya moshi huo kulikuwa na sauti chache tofauti. James FitzGerald, mbunge kutoka Canterbury, alipeleka hoja bungeni mwaka 1862 akitaka Wamaori wawe na usawa wa kisiasa, ikiwemo uwakilishi. Wenzake hawakukubali. Miaka mitano baadaye Bunge hilohilo likapitisha Sheria ya Uwakilishi wa Wamaori ya 1867, iliyowasilishwa na Donald McLean. Nini kilibadilika?

Kilichobadilika zaidi ni ardhi. Mwaka 1865 serikali ilianzisha mahakama maalumu ya ardhi ya Wamaori, ambayo kazi yake ilikuwa kugeuza ardhi ya ukoo kuwa ardhi yenye hati. Ukoo ulikwenda mahakamani na watu wake wote, mamia, na mara nyingi ulitoka na hati yenye majina yasiyozidi 10. Hao 10 kwa macho ya sheria wakawa wamiliki, na wengine wote wakawa wageni kwenye ardhi ya babu zao. Mwenye duka aliyewakopesha hao 10 unga na nguo alijua akadai wapi. Ardhi nyingi ilipotea kwa njia hiyo, na naona hati zile ziliumiza watu wengi kuliko risasi.

Lakini hati zilikuwa na upande wa pili, nao uliwatia wasiwasi walowezi. Kila Mmaori aliyeandikwa kwenye hati sasa alikuwa na mali inayotambulika, na mwenye mali anapiga kura. Katika majimbo ya Kisiwa cha Kaskazini, ambako Wamaori walikuwa wengi, wangeweza kuamua nani awe mbunge, au kujichagulia wenzao. Ilikuwa heri kuwapa viti vyao pembeni, vya idadi inayojulikana, kabla hawajaingia kwenye daftari la wote kwa maelfu.

Sababu nyingine zilisukuma upande huohuo. Kulikuwa na Wamaori waliopigana upande wa serikali, na walistahili kutuzwa. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakiondoka, na walowezi walihitaji amani waliyoweza kuimudu wenyewe. Na kulikuwa na dhahabu. Wachimbaji walikuwa wamefurika Kisiwa cha Kusini, leseni ya uchimbaji ilishawapa kura hata bila ardhi, na pwani ya magharibi ilitaka wabunge zaidi. Wabunge wa Kaskazini wasingekubali Kusini iongezewe viti bure. Viti vya Wamaori, ambavyo vitatu kati yake vilikuwa vya Kaskazini, vilisaidia kusawazisha mizani kati ya visiwa viwili.

Hivyo viti maalumu vinne vikazaliwa: Kaskazini, Mashariki, Magharibi na Kusini. Kwa kuwa ardhi ya ukoo ilikuwa haiwezi kuhesabiwa mtu kwa mtu, sharti la mali likawekwa kando. Kila mwanamume wa Kimaori aliyefika miaka 21, pamoja na waliozaliwa na mzazi mmoja Mzungu, alipata kura, mradi asiwe amehukumiwa kwa uhaini au jinai kubwa. Kipengele hicho cha uhaini kilikuwa na maana yake baada ya vita. Wazungu wanaume wasio na mali walisubiri hadi 1879. Hapo ndipo ile miaka 12 inapotoka: kulegeza sharti ilikuwa njia rahisi ya kulikwepa tatizo la ardhi.

Sasa hesabu. Wazungu walikuwa na viti 72. Kwa idadi ya watu ya wakati ule, Wamaori walistahili viti kati ya 14 na 16. Walipewa 4. Kura walipewa wengi, nguvu wakapewa chache. Na hata hivyo sheria ilikuwa ya miaka mitano tu, kwa matumaini kwamba kufikia hapo mahakama ya ardhi itakuwa imemaliza kazi yake na Mmaori atapiga kura kama mmiliki binafsi.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1868. Walioingia ni Frederick Nene Russell wa Kaskazini, Tareha Te Moananui wa Mashariki, Mete Kingi Te Rangi Paetahi wa Magharibi, na John Patterson wa Kusini. Jimbo la Patterson lilikuwa Kisiwa cha Kusini chote, kuanzia ncha hadi ncha, wakati Wazungu wa kisiwa hichohicho walikuwa na makumi ya wabunge. Tareha ndiye Mmaori wa kwanza kuhutubia Bunge, na alizungumza kwa lugha yake huku mkalimani akifasiri. Nikimfikiria, namwona mzee mwenye heshima kubwa kwao, aliyezoea kusema na watu wakanyamaza, sasa anakatizwa kila baada ya sentensi chache ili maneno yake yavuke kwenda lugha nyingine, mbele ya watu wengi wasiojua hata neno lake moja.

Namna ya kupiga kura nayo inafaa kutazamwa kwa karibu. Wazungu walianza kupiga kura ya siri mwaka 1870. Wamaori hawakupewa. Kwao uchaguzi ulianza kwa kuinua mikono mkutanoni, na matokeo yakipingwa, kila mtu alikwenda kwa msimamizi na kumtajia kwa mdomo jina la anayemtaka, msimamizi akaandika. Daftari la wapiga kura halikuwepo. Aliyekuwa na deni kwa mtu, au aliyeishi kwa hisani ya chifu fulani, alitamka jina lile huku watu wakisikia. Sheria ya kura ya siri kwao ilikuja 1937, miaka 67 baada ya wenzao, na daftari likatumika mara ya kwanza uchaguzi wa 1949. Hii ndiyo sehemu ya habari hii inayonikera kuliko zote, maana haikuhitaji fedha wala vita kuirekebisha.

Uchaguzi wa 1871 ulileta sura mpya katika viti vyote vinne, na hawa walikuwa moto. Wiremu Katene na Wi Parata waliingizwa katika Baraza la Utendaji la serikali mwaka 1872, mwaka ambao pia Wamaori wawili, Mokena Kohere na Wiremu Tako Ngatata, waliteuliwa katika baraza la juu. Hori Kerei Taiaroa wa Kusini alisimama mara kwa mara kudai haki ya watu wake wa Ngai Tahu, ambao mwaka 1848 waliachia sehemu kubwa ya kisiwa kwa pauni 2,000 na ahadi za kutengewa ardhi ambazo hazikutimizwa. Kwa shinikizo hilo tume iliundwa 1879. Ngai Tahu walilipwa fidia na kuombwa radhi na serikali mwaka 1998.

Wi Parata alikutana na ukuta wa aina nyingine. Watu wa Ngati Toa walikuwa wametoa ardhi ya Whitireia, karibu na Porirua, kwa Kanisa la Anglikana ili ijengwe shule ya watoto. Shule haikujengwa. Alipomaliza ubunge alilishtaki kanisa, na mwaka 1877 Jaji Mkuu James Prendergast akaamua kwamba Mkataba wa Waitangi, kwa habari ya kukabidhi mamlaka ya nchi, ulikuwa batili tu. Mtu aliyekuwa amekaa ndani ya serikali miaka michache kabla, akaambiwa mahakamani kwamba karatasi iliyowaunganisha na serikali hiyo haina uzito.

Je, ile miaka mitano iliishaje? Haikuisha. Mwaka 1872 sheria iliongezewa mitano mingine, na 1876 ikaondolewa ukomo. Ardhi ya ukoo haikumalizika haraka kama ilivyotarajiwa, na walowezi waliona afadhali Wamaori wabaki kwenye viti vinne kuliko kuingia kwenye majimbo yao. Wabunge wa Kimaori walipoomba viti viongezwe walikataliwa. Wenye hati binafsi waliendelea kupiga kura pia kwenye majimbo ya Wazungu hadi miaka ya 1890, na mwaka 1893 James Carroll, ambaye mama yake alikuwa Mmaori, alishinda kiti cha kawaida cha Waiapu, wa kwanza kufanya hivyo.

Wengine walichoka kusubiri. Mwaka 1892 Wamaori walianzisha bunge lao, Kotahitanga, yaani umoja, huko Waipatu. Mwaka uliofuata Meri Te Tai Mangakahia alisimama mbele yake akidai wanawake wapige kura na wakae bungeni, kwa sababu nao walikuwa na ardhi. Mwaka huohuo wanawake wote wa New Zealand, Wamaori kwa Wazungu, walipata kura ya kitaifa.

Mwaka 1894 kijana Hone Heke Ngapua, mbunge wa Kaskazini, alipeleka bungeni Wellington muswada wa kuwapa Wamaori mamlaka ya kujitungia sheria zao. Wabunge wa Kizungu hawakujisumbua kuupinga kwa hoja. Waliinuka wakatoka mmoja mmoja, akidi ikakosekana, na mjadala ukafa. Huo ndio uwezo wa viti 4 katika Bunge la namna ile: una haki ya kusema, na wenzako wana uhuru wa kutoka nje.

Idadi hiyo ya 4 haikuguswa hadi uchaguzi wa 1996, miaka 129 baadaye, ilipoanza kufuata idadi ya Wamaori wanaojiandikisha katika daftari lao. Ikawa 5, kisha 6, na tangu 2002 ni 7. Kisiwa cha Kusini bado kina kiti kimoja cha Wamaori, nacho kinabeba kisiwa chote pamoja na sehemu ya Wellington.