Joto la Friji Huenda Wapi?

Wakazi wa Lamu wanaotuletea friji zao hutuuliza mara nyingi kwa nini mabomba ya nyuma huwa ya moto ilhali kifaa chenyewe ni cha kupoza. Joto hilo ndilo lililotolewa kwenye samaki, maziwa na maji yaliyo ndani, likaongezewa joto la umeme uliotumika kulihamisha. Friji haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto mahali pamoja na kulitoa pengine, na kwa sababu hiyo kuacha mlango wake wazi hakuwezi kukipoza chumba.

Mtungi wa udongo hufanya kazi hiyo bila umeme. Maji yanayopenya kwenye udongo hugeuka mvuke upande wa nje, na kila lita inayokauka huondoka na takriban kilojuli 2,400 za joto. Hata hivyo, hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na maji hukauka polepole. Mtungi hupoza vizuri zaidi ukiwekwa kivulini penye upepo.

Friji hutegemea kanuni hiyohiyo, ila kinachogeuka mvuke ni gesi iliyofungiwa mabombani. Friji nyingi mpya za nyumbani hutumia R-600a, yaani isobyuteni, ambayo kwa presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Ikipita kwenye mabomba ya ndani hali ni kimiminika chenye presha ndogo, huchemka na kufyonza joto la chakula. Kompresa, yaani pampu ya friji, huivuta na kuibana mpaka ikawa moto kuliko hewa ya chumbani, kisha kwenye mabomba ya nyuma huliachia joto hilo na kurudi kuwa kimiminika, ambacho hupitishwa kwenye kibomba chembamba sana ili presha ishuke na mzunguko uanze tena. Gesi hiyo ni mfano wa hamali wa gatini: asipopata pa kutua mzigo, hawezi kurudi kuchukua mwingine.

Ndiyo maana friji iliyobanwa ukutani hula umeme mwingi na bado haipozi. Iachiwe nafasi ya upana wa kiganja nyuma yake, na vumbi lifutwe kwa brashi kavu baada ya kuchomoa plagi. Kwetu visiwani kuna adui mwingine, nayo ni chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, ambayo hula mabomba mpaka yakatoboka na gesi ikavuja. Fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu na kuliziba anamtia mwenye friji hasara. Tena R-600a hushika moto upesi, kwa hiyo kibandiko cha kompresa kisomwe kwanza ili kujua gesi iliyomo, madirisha yafunguliwe, na moto wa kuchomelea usiwashwe kabla gesi haijaondolewa yote. R-134a, iliyo kwenye friji nyingi za zamani kidogo, haiwaki kirahisi namna hiyo, lakini ikiachiwa hewani huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Gesi za jamii hiyo ndizo ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza mjini Kigali, Rwanda, mwaka 2016.

Kwa wavuvi, barafu hufanya kazi hiyohiyo ya kubeba joto. Kilo moja ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334, kiasi ambacho kwa hesabu chatosha kuwashusha kilo tatu za samaki kutoka joto la bahari hadi karibu na sifuri. Lakini joto la nje halikomi kuingia sandukuni, na kwa jua letu tunashauri kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, ikiwa imevunjwa vipande vidogo na kupangwa chini, juu na katikati yao, na tundu liachwe chini ya sanduku ili samaki wasilale ndani ya maji machafu.