Kuandika kila siku si dawa ya kupata wasomaji

Mtu akifungua blogu, ushauri wa kwanza anaopewa ni huu: andika kila siku, na yale maneno watu wanayotafuta uyarudierudie, Google itakuona. Ushauri huu umepitwa na wakati. Ile orodha ya maneno iliyokuwa ikifichwa kwenye msimbo wa ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yanayouunda, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kabisa kupanga matokeo. Na neno moja kulishindilia katika kila aya kunahesabiwa kuwa hila, achilia mbali kumchosha msomaji.

Chukua blogu ya mapishi. "Mapishi ya wiki hii" hakuna anayeitafuta. Lakini yupo dada jikoni jioni hii, mkate wake wa kumimina umebonyea katikati, anashika simu kwa kidole chenye tui na kuandika: "kwa nini mkate wa kumimina unashuka?" Mjibu hapohapo: rojo liliachwa likaumuka kupita kiasi, au sufuria ilifunuliwa mapema. Ukimfaa, kiungo atakirusha kwenye kundi la WhatsApp la familia, na Ramadhani ijayo kitasakwa tena.

Ratiba ina faida, sikatai. Inamzoesha mwandishi kazi. Ila msomaji hahesabu siku zako. Muda wa makala nne za kujaza nafasi, rudi kwenye ile ya mkate, uongeze picha ya rojo lilivyo kabla ya kumiminwa. Wengi hukosea hapo.