Kabla ya Filimbi, Sikio

Muhula wa kwanza, Gredi ya Kwanza, huwa naingia darasani mikono mitupu. Sina ngoma, sina filimbi, wala chaki siigusi. Nawaambia watoto wasimame kando ya madawati, tutembee papo hapo, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka hatua arobaini na kitu zisikike kama hatua ya mtu mmoja. Siku ya kwanza haziwi hivyo. Huwa ni kama mvua ya mawe juu ya mabati.

Baada ya wiki mbili hivi, mzazi mmoja hunikuta langoni. Mwaka huu alikuwa mama aliyeuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, mtoto ananiambia kwa muziki mnatembea tu. Filimbi ataanza lini?" Nilimjibu kwamba filimbi atakutana nayo Gredi ya Nne, na kwamba kutembea kule ndilo somo lenyewe. Kengele ikalia, nikamwacha na jibu nusu. Hili hapa ndilo jibu zima.

Wanachotafuta watoto kwa miguu yao kinaitwa mapigo. Ni ile hatua isiyobadilika inayopita chini ya wimbo hata maneno yanapokimbia au kunyamaza. Ridhimu ni kitu kingine: ni mpangilio wa sauti ndefu na fupi zinazokaa juu ya mapigo hayo. Mtoto wa miaka sita hahitaji maelezo haya. Miguu yake inakuwa mapigo, mikono inapiga makofi ya ridhimu, na tunasema pamoja: "ndizi, ndizi, parachichi, ndizi." Maneno manne, hatua nne. Kwenye "parachichi" makofi ni manne lakini hatua ni moja tu, na hapo ndipo naona kila kitu. Wapo ambao miguu yao huiacha njia na kuanza kuikimbilia mikono. Siwakemei. Masikio yao bado yanasikia jambo moja pale palipo na mawili, na kuyatenganisha ni kazi ya wiki kadhaa.

Yakitengana, tunazipa sauti hizo majina. Sauti ya pigo moja ni *taa*. Pigo likigawanywa mara mbili ni *ta-te*, likigawanywa mara nne ni *tafa-tefe*, na sauti inayokaa mapigo mawili ni *taa-aa*. Kwa hiyo "ndizi" ni ta-te na "parachichi" ni tafa-tefe. Silabi hizi zina asili yake Ufaransa katika karne ya 19, kwa mwalimu aitwaye Aimé Paris, lakini mtoto wetu huzitamka kana kwamba zilizaliwa Malindi, maana kila moja inaishia kwa irabu kama maneno yake mwenyewe.

Kiswahili chenyewe ni mwalimu mzuri wa ridhimu, na nasikitika tunavyokisahau tunapofundisha muziki. Mkazo wetu karibu siku zote uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito la wimbo likiangukia mahali pengine, neno linapinda. Katika Gredi ya Tatu naandika ubaoni: "Tunavuka barabara." Tukiimba ta-te nne mfululizo, pigo linaangukia kwenye *BA* ya mwisho, baraBAra, nayo ni njia ya magari. Kisha nawaomba wanyamaze nusu pigo baada ya "tunavuka", ndipo waendelee. Silabi zote zinasogea, pigo linaangukia *RA*, na sasa tunavuka baRAbara, yaani sawasawa, kama inavyotakiwa. Hatukubadilisha herufi hata moja. Watoto hurudia mstari ule mara kumi wakicheka, na tangu siku hiyo wakitunga nyimbo zao wenyewe huuliza, "Mwalimu, hili neno limekaa vizuri?"

Sasa sauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili nilibeba uchungu wake miaka mingi. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, tukijiandaa kwa mashindano, mwalimu alipita mbele ya kwaya akitega sikio, akafika kwangu, akasema: "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Nilisimama safu ya nyuma nikichezesha midomo. Nimekutana na watu wazima wengi sana, madaktari, mafundi, wachungaji, wanaosema "mimi sina sauti", na ukiwauliza ni nani aliyewaambia, wengi wanakumbuka mpaka darasa walilokuwa wamekaa.

Mtoto asiyeshika sauti ya wenzake, kwa kawaida, hana kasoro ya sikio. Hajapata sauti yake ya kuimbia. Anaimba kwa ile anayoongelea, ambayo iko chini. Na pengine anayemfundisha ni mwanamume, ambaye sauti yake iko oktava nzima, yaani ngazi ya noti nane, chini ya ile ya mtoto. Mtoto anajitahidi kumfuata huko shimoni na kuishia kunguruma. Mwalimu mwanamume anayejua hili huimba kwa sauti nyembamba, au humwita mwanafunzi mmoja aliyeshika vizuri awaongoze wenzake.

Mwaka huu nina mvulana wa Gredi ya Pili ambaye nikimwimbia so (ile ya do, re, mi, fa, so), alikuwa ananirudishia kitu cha chini kabisa, kama nyuki ndani ya debe. Sikumwambia apandishe. Nilimwambia, "Imba unavyotaka, mimi nitakufuata." Akavuma. Nikashuka polepole na sauti yangu nikiitafuta yake, mpaka zikakutana na ule mtetemo kati yetu ukapotea. Alinyamaza ghafla, akanitazama: "Ni wewe ama ni mimi?" Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesikia sauti mbili zikiwa moja. Kutoka hapo tulipanda hatua moja, tukakutana tena. Juma lililofuata, mbili.

Baada ya hapo ndipo solfa, yaani kuimba noti kwa majina do, re, mi, huingia, na simwanzishi mtoto kwa do. Naanza kwa so na mi, kwa sababu watoto wakiitana kutoka mbali uwanjani, jina la mwenzao mara nyingi huangukia hapo hapo. La hufuata, kisha do na re. Kila noti ina ishara yake ya mkono: do ni ngumi mbele ya kiuno, mi ni kiganja kilicholala kama meza, so ni kiganja kilichosimama kikimtazama mwenye kuimba. Mtoto huona mkono ukipanda na kusikia sauti ikipanda, na juu na chini vinaacha kuwa maneno matupu.

Mfumo huu wa solfa ulianza na Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, ukaendelezwa na John Curwen, na karne ya 20 Zoltán Kodály akaufanya mhimili wa masomo ya muziki nchini Hungaria. Kwetu ulikuja na wamisionari, na kwaya nyingi za makanisa bado zinasoma d, r, m kwenye karatasi bila ile mistari mitano ya kuandikia noti. Enoch Sontonga wa Afrika Kusini aliandika kwa solfa, mwaka 1897, wimbo ambao sauti yake leo ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Nawaambia wanafunzi hivyo, na pia kwamba wimbo wetu wa taifa hapa Kenya ulitokana na bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, likafanyiwa kazi na tume ya wanamuziki watano mwaka 1963. Jumatatu inayofuata gwarideni husimama tofauti kidogo.

Ala za kwetu hatuzingojei Gredi ya Nne. Kayamba mtoto anaweza kuitikisa mapema, na mahali isipopatikana, chupa ya plastiki yenye punje za mahindi inatosha kufundisha tofauti ya kutikisa na kupiga. Wakubwa zaidi hutazama nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, na kuhesabu nyuzi zake nane. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, huwafundisha kusikia ngoma kadhaa zikisema maneno tofauti kwa wakati mmoja. Ninapopata mzee wa kuja kuwapigia, namkabidhi kipindi chote.

Nafasi ya somo ni finyu, na lazima niseme. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpaka ilipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa imekaa miaka mingi bila karatasi ya muziki, na kisichotahiniwa huliwa na hesabu. Katika Mtaala wa Umilisi, muziki sasa umo pamoja na uchoraji na michezo ndani ya Sanaa Bunifu, na mara nyingi anayelifundisha hakusomea muziki. Kwa mwenzangu wa namna hiyo ushauri wangu ni dakika tano za kuimba kila asubuhi, kuliko kipindi kirefu kimoja cha kunakili noti ubaoni.

Na filimbi? Ikifika, tunaanza na noti tatu, B, A na G, mkono wa kushoto juu, kidole gumba kikiziba tundu la nyuma. G ikiwa ndiyo do, hizo ni mi, re, do walizokwisha kuziimba miaka mitatu. Nawaambia wapulize kama wanaopoza uji wa moto bila kuumwaga, maana ukipuliza kwa nguvu sauti hupanda na kuanza kulia kama birika.

Muhula uliopita, msichana mmoja aliitoa filimbi mdomoni katikati ya wimbo, wenzake wakiendelea. Nilidhani amepotea. "Mwalimu," akasema, "yangu iko juu kidogo." Sikuwa nimesikia. Akairudisha, akapunguza pumzi, akaingia kwenye G ya wenzake.